Hii ya Leo Ina Mama?

...kwa sababu mama wa sinema hakai kimya, hilo Changawa alilijua, mama akishatokea mlangoni na mwiko mkononi lazima afungue mdomo, na akifungua mdomo lazima aliyeshika maiki amtilie maneno, na aliyeshika maiki ni yeye, hapa, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, kando ya runinga kubwa ya Jafar, alasiri ya Jumamosi, banda la video la Mjambere limejaa mpaka kizingitini, feni inazunguka kivivu kama mtoto aliyelazimishwa kwenda shule, na kule benchi la nyuma, palepale pake pa zamani, chini ya tundu la bati linaloshusha kijiti cha jua, ameketi Kefa... "Tu! Tu! Paaa!" alisema Changawa kwenye maiki, maana kiooni mwanamume kifua wazi alikuwa akiwatandika majambazi katikati ya soko la samaki, "haya, nani mwingine, wewe mwenye kitambi, njoo uchukue fungu lako!" na banda likacheka, mdomo ulikuwa ukifanya kazi peke yake, mdomo wa Changawa haujawahi kumsubiri Changawa, mwenyewe alikuwa mbali, alikuwa benchi la nyuma, akijiuliza Kefa ametaka nini, mtu ambaye tangu masika akimwona njiani huvuka upande wa pili, mtu aliyemkuta dukani akageuka kama aliyesahau kitu nyumbani, leo ameinama pale mlangoni, maana Kefa ni mrefu na Jafar alijenga mlango kwa kipimo chake mwenyewe, akapenya katikati ya magoti ya watu, akaketi, wala hakutupa jicho upande wa maiki, akatazama kioo tu kama mtu aliyekuja kutazama sinema, na labda kweli amekuja kutazama sinema, kwani sinema ni ya Changawa? La, sinema ni ya Wachina, au Wakorea, Jafar aliyeileta hakujua na hakuona haja ya kujua, lakini maneno, maneno ni ya Changawa, hiyo ndiyo kazi, watu wa Kisauni hawaji hapa kuona sinema, sinema wanazo tele kwenye simu zao, wanakuja kumsikia Changawa akiwapa wale watu wa mbali maneno ya hapa na majina ya hapa, leo steringi, yule wa kifua wazi, amembatiza jina la Ngumbao, kwa heshima ya Ngumbao fundi baiskeli wa benchi la mbele, na kila steringi akirusha teke fundi naye anarusha mguu, jirani zake wameshaanza kumkalia mbali, na mkuu wa majambazi amempa jina la Bramwel, kwa kuwa Bramwel kinyozi leo hakuja, na asiyekuja ndiye anayefaa kuwa adui, na ile lugha yao? haijui hata neno moja, hajawahi kulijua, anatazama macho tu, macho ya anayependa, macho ya aliyekosewa, macho ya mwenye njaa, hayo hayana Kichina wala Kigiriama...

Alimweleza Kefa hivyo zamani, enzi za kuzungumza, wameketi nje ya banda hili hili wakila viazi karai vya Dhahabu, alimwambia, "Ndugu yangu, sinema duniani ni tatu tu. Ya mtu anayempenda mtu, ya watu wa nyumba moja, na ya marafiki wawili. Hizo bunduki na farasi na mashetani ni pilipili tu," na Kefa, aliyetoka kazini bandarini, mikono bado inanuka grisi ya kreni, akatafuna kwanza, Kefa hajibu kabla hajameza, akasema, "Wewe unaona tatu. Mimi naona moja. Kila mtu anatafuta njia ya kurudi nyumbani akule," wakacheka, na wakati huo kweli ilikuwa kichekesho, sasa ukimtazama alivyokonda mashavu si kichekesho sana... "Pa! Hiyo ya mama yako! Pa! Hiyo ya shangazi!" mdomo uliendelea, halafu Changawa akajisikia alichokisema, mama, akatupa jicho nyuma, Kefa hakutikisika, na hapo ndipo Dhahabu alipojipenyeza kutoka mlangoni na sahani yake ya viazi, kama afanyavyo kila vita vinapoanza, maana anajua vita ndiyo mapumziko ya mtafsiri, akainama sikioni, ananuka ukwaju na mafuta, akanong'ona, "Changawa, mwenzio yumo." "Nimemwona." "Wajua ameniuliza nini pale mlangoni?" "Nitajuaje, dada Dhahabu, mimi niko sokoni napigana." "Usinifanyie mizaha. Ameniuliza, 'Hii ya leo ina mama?' Basi. Hata salamu hakumaliza." "Ukamjibu nini?" "N'kamwambia, sinema gani haina mama? Akaingia. Kula basi, vitapoa," akaenda zake, akamwachia sahani mapajani na lile swali kifuani, hii ya leo ina mama, na ndiyo, ina mama, Changawa aliiona asubuhi kwenye simu akinywa chai, steringi ametoka jela, anapigana sokoni mpaka mvua inanyesha, akimaliza anapanda ngazi za mawe, anafika mlangoni kwao, mama anatoka na mwiko, wanatazamana, mama anasema maneno, machache tu, halafu kijana analia, na asubuhi Changawa aliona ni jambo dogo, alishapanga afanye nini, angesema huyu si mama, huyu ni jirani, mama alihamia Malindi, kwa sababu tangu masika Changawa amewafanyia akina mama wa sinema kila uovu ulioko duniani, mmoja alimgeuza shangazi, mmoja alimpa sauti ya kiume akasema ana mafua ya tangu kuzaliwa, mmoja alimfisha kabla hajafa, akawaambia watu yule mnayemwona ni kivuli, na ile ya mwezi uliopita, ile ya aibu, ya familia ya waimbaji, aliwaambia watu mama ni bubu, anachezesha mdomo tu, mambo yakaenda vizuri mpaka yule mama akasimama jukwaani akaimba, na Babu, mzee Babu wa benchi la kati ambaye hakosi sinema wala hakosi la kusema, akauliza, "Ewe Changawa, bubu huyu mbona aimba?" na Changawa akajibu, "Amepona!" watu wakaanguka kwa kicheko, lakini kila mtu banda zima alijua ni kwa nini mama ni bubu, kila mtu alijua sauti gani inakwepwa.

Sauti ya Rosalia. Ilikuja yenyewe, hakuiiba, hilo mtu amtendee haki, ilikuwa miaka mingi nyuma, Kefa bado mgeni Mjambere, amehamia na mkewe kutoka Webuye, na mke alikuwa na cherehani barazani akishona sare za shule, na Kefa alikuwa na ugonjwa mmoja, akiingia kwa Jafar hatoki mpaka majina ya waigizaji yaishe kupanda, basi siku hiyo kiooni alikuwepo malkia, malkia hasa, dhahabu kichwani mpaka shingo inainama, wanajeshi wamepiga magoti, malkia ameinua mkono, amefungua mdomo, Changawa amevuta pumzi amtilie maneno ya kifalme, na kabla hajasema, kutoka mlangoni, ikaingia sauti kubwa, nyembamba, inayopanda mwishoni kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, "Baba Maryanne! Kuja ukule, ugali inapoa!" na banda zima, wallahi, banda zima liliamini ni malkia aliyesema, halafu vicheko, watu walilia, mmoja alitoka akatapike, na kule nyuma Kefa, macho hayatoki kwa malkia, mguu unapapasa chini ya benchi kutafuta ndala, akajibu kwa upole kabisa, "Nakuja, Mama Maryanne," ndipo vicheko vikaanza upya, na tangu siku hiyo Changawa hakuwa na sauti nyingine ya mama, kila mama wa kila sinema alikuwa Rosalia, mama wa mwanajeshi kwenye simu, kuja ukule, mama mkwe wa sinema ya mapenzi anayemchukia bibi harusi, kuja ukule lakini wewe utakula jikoni, hata ile ya mashetani, mwanamke aliyekufa anatoka kisimani nywele zimefunika uso, watu wameshikana mikono kwa hofu, shetani akapanua kinywa, "Kuja ukule, ugali inapoa," na Fidel wa duka la dawa akasema, "Kama kuzimu kuna ugali mimi siogopi," na Rosalia? walimwambia, watu hawana kifua, akaja mwenyewe kusikia, amefunga leso kiunoni na sindano mdomoni, akasimama mlangoni, akasikiliza, Changawa alikuwa tayari kwa lolote, mwiko, kiatu, cherehani, Rosalia akatoa sindano mdomoni akasema, "Leo nimekuwa malkia wa wapi?" "Wa Uhindi, shemeji." "Sawa. Lakini umenikosea mahali moja. Huyo kijana ametoka vita. Mimi siwezi anza kumgombanisha. Mimi kwanza ningemuliza kama amekula," na kweli, Changawa akabadilisha, na watu wakacheka zaidi, wakati mwingine wakanyamaza zaidi, maana ukimfanya mama aulize tu kama mtoto amekula kuna kitu kinashuka bandani, na watu wa hapa walipomtania Rosalia, wakimwambia, "Mama Maryanne, sema njoo, kuja si Kiswahili," aliwajibu, "Nitasema kuja mpaka mkuje..."

"Changawa!" Jafar kutoka kwenye meza ya mitambo, "mbona wanyamaza? Watu waja kukusikia wewe, si kusikia ngumi," na Changawa akashtuka, kumbe amenyamaza, jambo ambalo hafanyi, enzi za vichekesho vya jukwaani, kabla ya mabanda ya video, mzee aliyewafundisha alikuwa akipita nyuma yao na kijiti, ukinyamaza kijiti kinakugusa, hadhira ikipata mwanya inakumbuka matatizo yake, alisema, usiwape mwanya, na Changawa maisha yake yote hakumpa mtu mwanya, hata Nyamvula mkewe humwambia, "Wewe hata ukilala wakoroma kwa mafungu, ili watu wapige makofi," basi akasogeza maiki karibu na mdomo, "Bramwel sasa anakimbia, Bramwel amekumbuka ana mkutano mahali!" kicheko, sawa, wameridhika, akamwinamia Jafar, mkono juu ya maiki, "Jafar, ebu ruka hapo mbele kidogo." "Niruke wapi?" "Baada ya vita. Panachosha." "Pachoshe! Hapo ndipo penyewe. Mimi mwenyewe nilipoiona n'lilia hapo, na mimi si mtu wa kulia, waulize wakwe zangu," na akaweka rimoti chini ya paja lake, akaikalia, ukitaka rimoti sasa lazima upigane na Jafar, basi imebaki stima, stima ya Mjambere ambayo hupotea mtu anapopiga pasi, inapotea fainali za mpira, inapotea bibi harusi yuko kwa msusi, leo ipo, leo imesimama imara kama mlinzi wa benki, hata taa haipepesi... na kama stima haipotei na Jafar haruki, mama atatoka na mwiko, na Kefa yuko pale, ameuliza mlangoni kama kuna mama, mtu anauliza hivyo kwa nini, mtu anauliza hivyo kwa sababu amekuja kukamata, kama askari wa kanjo anayenunua karanga kwanza ndio akukamate, amekaa pale anasikiliza, na Changawa akitoa ile sauti, hata nusu yake, Kefa atasimama na ule urefu wake, atapita katikati ya magoti tena, na mikono ile imezoea kuinua makontena, Changawa ni mzigo mdogo sana.

Na angekuwa na haki. Changawa hakujidanganya hapo. Rosalia alikufa ghafla, Alhamisi alikuwa anashona, Ijumaa hayupo, na kabla ya kusafirishwa kwenda kwao palikaliwa matanga pale nyumbani kwa Kefa, ndugu walikuja na basi kutoka Webuye, wazee wa makoti, mashangazi wa kanisani, na majirani wote wa Mjambere, jeneza liko sebuleni, vikombe vya chai vinapita, wimbo unaanza unazimika, na Changawa alikaa kona akimtazama rafiki yake ameinama, kichwa mikononi, hajala, hajasema, tangu asubuhi, na Changawa akafanya anachokijua, kwao mtu akifa mtani ana kazi yake, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kucheka, huja akamwigiza marehemu, akatembea kwa mwendo wake, akagombana na watu kwa sauti yake, hata nguo yake akavaa, na wafiwa humtupia maneno, na huyo aliyefiwa sana akikohoa kicheko kimoja watu husema haya, amerudi, ataishi, Changawa alimwona bibi yake mzaa mama akifanyiwa hivyo, alimwona baba yake akicheka machozi yakimtoka siku hiyo, na yeye na Kefa si ndugu wala si kabila moja lakini walijifanya watani kwa miaka, mmoja akitukana ugali mwingine akitukana muhogo, mmoja akisema watu wa pwani wamezaliwa wamelala, mwingine akisema watu wa bara wamezaliwa wamechelewa basi, hapajakuwa na siku bila matusi, sasa kama huo si utani ni nini, basi alisimama pole pole, akachukua leso ya Rosalia iliyotundikwa kwenye cherehani, akajifunga kiunoni, akaenda akasimama kwenye pazia la jikoni, pale pale alipokuwa akisimama yeye, na akaita. Aliita vizuri. Mungu amsamehe, hajawahi kuipata ile sauti vizuri kuliko siku ile, ilipanda mwishoni kama mwenyewe. Na watu wa Mjambere wakacheka, kicheko kile cha machozi, kicheko cha matanga, Dhahabu alicheka, Babu alicheka, na watu wa Webuye wakawa mawe, shangazi mmoja alidondosha kikombe, mzee wa koti alisimama, na Kefa akasimama, akasema, "Toka. Toka kwangu, Changawa," na Changawa akatoka na leso kiunoni, alipofika kwake ndipo Nyamvula alipomfungua ile leso kama anavyofunguliwa mtoto, akamwambia, "Wale hawakujua. Ungewauliza kwanza kama kwao kuna mtani," kisha baada ya mazishi akamwambia, "Enda kaombe radhi, lakini usichekeshe," na Changawa alienda, kweli alienda, alifika kwenye geti la Kefa, akasimama akitafuta sentensi moja, moja tu, isiyo na kichekesho ndani, akapekua mfuko mzima wa kichwa chake hakuipata, akaona taa inawaka ndani na hakuna sauti yoyote, cherehani haisikiki, Maryanne ameshaolewa Nakuru, hakuna mtu anayemwita mtu, akarudi... "Tu! Tu!" ngumi zimebaki chache sasa, mvua imeanza kunyesha sokoni, samaki wanaelea miguuni mwa watu, Ngumbao fundi ameacha kurusha mateke, amechoka, na Babu akasafisha koo kama afanyavyo akitaka wote wamsikie, "Changawa! Mvua hiyo. Yuwaenda kwao huyo, mimi najua sinema. Sasa leo mama asiwe bubu, twakuomba!" "Wala asiwe shangazi!" akadakia mwingine. "Wala asihamie Malindi!" na hilo lilimchoma, alikuwa hajalisema bado, wameshamjua mpaka uongo ambao hajautoa, banda likacheka, na juu ya kicheko, kutoka nyuma, pole pole, sauti nzito iliyomeza kwanza ndipo ikajibu, "Mwacheni afanye kazi yake."

Kefa. Hayo ndiyo maneno ya kwanza tangu lile "Toka" la matanga. Mwacheni afanye kazi yake, na Changawa akayageuza huku na huku kama anavyogeuza kitu cha moto, kazi yake, kazi gani, ni ruhusa au ni onyo, mwacheni afanye nimwone, au mwacheni afanye nimsikie, akajaribu kumtafsiri, yeye anayewatafsiri Wachina na majini, akatafuta macho yake, macho hayaonekani, yako gizani, kijiti cha jua kinamwangukia magotini tu, magoti, suruali ya kazi, na chini ya magoti miguu, na miguu ni mitupu, Kefa amevua ndala. Amezisukuma chini ya benchi kama alivyokuwa akifanya, kama mtu aliye kwake. Anayekuja kukamata havui ndala. Changawa akatazama vile vidole vikubwa juu ya saruji, na kitu kikarudi nyuma kichwani mwake, kama Jafar anapobonyeza rimoti picha zikakimbia kinyume, kwa sababu ile siku ya matanga ameitazama mara nyingi sana, kila akilala inaanza, lakini kila mara inaanzia kwenye kicheko, kicheko, kikombe, toka, kicheko, kikombe, toka, na sasa ikarudi nyuma zaidi, kabla ya kicheko, pale alipomaliza kuita na sauti bado haijashuka, Kefa ameinama kichwa mikononi, na kichwa kikainuka. Kikainuka haraka. Uso ukageukia jikoni, na ule uso haukuwa na hasira, haukuwa na hasira hata kidogo, ulikuwa uso wa mtu aliyesahaulishwa, mtu aliyepumzika, na mguu, Ee Mola, mguu wake ulikuwa unapapasa chini ya kiti, na mdomo ukasema, kwa upole kabisa, "Nakuja, Mama Maryanne." Hapo ndipo watu walipocheka. Hawakumcheka Changawa. Walimcheka Kefa, kwa kuwa aliitika. Mbele ya wazee wa makoti, mbele ya jeneza la mkewe, mtu mzima aliitwa na marehemu akaitika, akatafuta ndala, akawa na mke kwa kitambo cha kuinua kichwa, halafu akaona ni Changawa amejifunga leso, na wote wanacheka, na Changawa naye, alikumbuka sasa, aliinama. Aliinama kama anavyoinama jukwaani akipigiwa makofi.

Basi si matusi. Muda wote huu alidhani amemtusi Rosalia, amewatusi watu wa Webuye, amevunja mila ya watu, na akina mama wote wa sinema akawafanya mabubu kwa heshima, kumbe yule mtu alichotaka si heshima, amekaa kwenye nyumba isiyo na sauti tangu masika, na sauti iliyobaki duniani iko kwenye koo la mtu mmoja, na mtu huyo ameifungia, na hawezi kuja kuiomba, ataombaje, atagonga mlango aseme nini, niitie mke wangu? Kwa hiyo amekuja hapa. Hapa ni giza. Hapa wote wanatazama mbele. Hapa mtu akiitwa anaweza kuitika na hakuna atakayegeuka... ila watacheka, hilo ndilo, Changawa akaona kikwazo pale pale, akitoa ile sauti Mjambere nzima itapasuka kwa kicheko, wameikosa muda mrefu, wataipokea kwa makofi, na Kefa atachekwa mara ya pili, na yeye mdomo wake hauna mazoea ya kusema kitu bila mkia wa kuchekesha, ugali inapoa ni mkia, kuja ukule ni mkia, wenyewe aliutia yeye kila mahali mpaka ukawa kichekesho, Rosalia hakuwa anachekesha, Rosalia alikuwa anaita mtu akale... mimi kwanza ningemuliza kama amekula. Hilo. Alimpa hilo mwenyewe, na sindano mkononi. Halina mkia. Halichekeshi mtu. Changawa akaweka sahani ya viazi sakafuni. Kiooni jambazi wa mwisho alianguka kwenye meza ya pweza, akanyamaza, na Changawa hakumpigia pa, wala tu, akamwacha aanguke na mlio wake wa Kichina, na Jafar akainua kichwa kushangaa, na Babu akasema "Eh," na Changawa hakuwapa kitu, mvua tu, mvua ya mbali inanyesha ndani ya banda la Mjambere lenye joto la kuivisha ndizi, kijana anapanda ngazi za mawe, damu inamtoka kwenye nyusi, anapanda, kwanza ngazi zilionekana chache asubuhi, sasa ni nyingi, na watu wananyamaza mmoja mmoja, hata Ngumbao fundi amekunja miguu, na Changawa anajua atakachofanya, atauliza lile swali moja, kwa sauti ile, inayopanda mwishoni, taratibu, si ya kuitia ng'ambo ya mto, ile ya karibu, ya mlangoni, ambayo Rosalia alikuwa nayo pia lakini Changawa hakuwahi kuiigiza kwa kuwa haina soko, halafu atashusha maiki. Atashusha maiki mpaka mapajani, na atanyamaza, kijiti cha yule mzee kimguse hata mara mia, ataacha mwanya mkubwa, mpana, mtu aweze kuupita bila kuinama, na akiitika mtu gizani asiitike mbele ya mcheshi, aitike mbele ya mkewe, na wakikumbuka matatizo yao wayakumbuke, nani amesema hawaruhusiwi... na mlango wa kule kiooni ukafunguka, na mama akatoka, mdogo kuliko asubuhi, mwiko mkononi, mvuke nyuma yake, akamtazama mwanawe juu mpaka chini, akajifuta mkono kwenye nguo, akafungua mdomo, na Changawa akavuta pumzi, na kabla neno halijatoka alitupa jicho nyuma, kwenye kijiti cha jua, na kule chini mguu wa Kefa ulikuwa umeshaanza kupapasa, unatafuta ndala.